Fundi Yupo Nakivale, Kontena la Nini?

Hoja yangu ni fupi na sitaizungusha. Mtu mzima asiyeweza kutembea, anayeishi Nakivale, apewe baiskeli ya miguu mitatu iliyoundwa na fundi wa Nakivale kwa vyuma vya baiskeli kuukuu, kabla ya kupewa kiti cha magurudumu kilichoshushwa kwenye kontena. Najua wapo wahadhiri watakaokunja uso, na wapo wenzangu watakaosema mwanafunzi wa Kiswahili amevamia uhandisi. Wanisome kwanza.

Nakivale iko wilayani Isingiro, zaidi ya kilomita 50 kutoka Mbarara. Imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia Wanyarwanda. Baadaye tukaja sisi Wakongo, wakaja Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Ni makazi, si kambi ya kuzungushiwa uzio. Mtu hulima, huuza, huenda sokoni na kurudi. Kwa asiye na miguu, shida iko kwenye huko kwenda na kurudi. Kutoka vijijini hadi Base Camp kuna vilima, changarawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Masika ni tope, kiangazi ni vumbi na mawe.

Sasa kitazame kiti kinacholetwa. Mbele kina vigurudumu viwili vidogo, vilivyokusudiwa sakafu ya hospitali. Kwenye tope huzama, kwenye jiwe hukwama na kummwaga aliyekaa. Jirani yangu, mzee mmoja aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni, alipewa kiti cha aina hiyo na shirika moja. Akapigwa picha. Msimu mmoja wa mvua ukatosha kumaliza golori za vigurudumu vile, na saizi yake haikupatikana Nakivale wala kwenye maduka ya vipuri tuliyozunguka Mbarara. Kiti kikawa cha kuanikia maharagwe. Mzee akarudi kutambaa, ndala mikononi.

Aliyemwinua ni fundi baiskeli anayefanya kazi chini ya mti. Hana cheti cha chuo chochote. Alitafuta mabaki ya baiskeli nyeusi za India, zile za gurudumu la inchi 28 zinazobeba matoke na madumu ya maji. Kwanza alimpima mzee kwa kamba: urefu wa mkono, upana wa nyonga, kimo cha kifua akiwa amekaa. Kisha akakata kwenye fremu moja sehemu inayobeba pedali, akaichomelea juu ya usukani, usawa wa kifua, ili mikono ifanye kazi ya miguu. Mnyororo ukashuka hadi gurudumu la mbele. Gurudumu hilo alilitoa nyuma ya baiskeli nyingine, maana la nyuma ndilo lenye meno ya kushika mnyororo. Na kwa kuwa haba yake ni pana zaidi, akaupanua uma wa mbele uipokee.

Magurudumu mawili ya nyuma aliyashika pande zote mbili, kila moja ndani ya uma wake, kwa sababu ekseli ya baiskeli ikishikwa upande mmoja tu hupinda. Halafu akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: baiskeli ya kawaida hulala inapokata kona, lakini ya miguu mitatu hailali, kwa hiyo nguvu yote ya kona huangukia spoku na inaweza kuipindua. Ndiyo maana alikishusha kiti na kuitanua nyuma. Mtu anayejua hayo asiitwe mbahatishaji.

Leo mzee ana sanduku nyuma ya kiti. Anauza sukari, sabuni na viberiti. Tangu mgao wa chakula ulipopunguzwa mwaka 2023, sanduku hilo limekuwa sehemu kubwa ya chakula cha nyumba yake. Pancha huzibwa hapohapo kijijini. Spoku ikikatika, ipo kwa kila fundi.

Nimesikia pingamizi tatu, na zote nazijibu.

Ya kwanza: vyombo hivi havina viwango. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu viti vya magurudumu katika nchi zenye uwezo mdogo. Mwongozo huo unataja hatua nane za huduma. Ndani yake kuna kumchunguza mtumiaji, kumlinganishia kiti, kumfundisha kukitumia, na mwishoni matengenezo na kumfuatilia. Mzee wangu hakupimwa na yeyote ila fundi. Hakufuatiliwa na yeyote ila fundi. Basi aliyevunja viwango ni nani?

Sisemi kazi ya fundi haina kasoro. Uzito mwingi uko nyuma ilhali gurudumu linalovuta liko mbele, kwa hiyo kwenye mlima mkali huteleza na mzee huomba kusukumwa. Breki moja haitoshi kwa mteremko. Mshono wa kuchomelea unahitaji kukaguliwa na jicho la pili. Lakini Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989. Kilomita 50 na kidogo ni safari ya asubuhi moja. Kasoro za namna hii ndizo mitihani inayowafaa wanafunzi wa uhandisi, nao waje wakae chini ya mti na fundi, wajifunze na kumfunza.

Ya pili: si kila mlemavu ataiweza. Ni kweli kabisa. Aliyevunjika uti wa mgongo, asiyehisi makalio yake, anahitaji mto maalumu wa kumkinga na vidonda na mtaalamu wa kumkalisha sawasawa. Mwenye mikono dhaifu hataizungusha. Tena baiskeli hii haiingii chooni wala chumbani. Hao wahudumiwe na wataalamu, na ipasavyo. Fedha zinazomalizikia kwenye viti vya kuanikia maharagwe zingewafaa wao.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi: kumpa mtu chombo cha vyuma chakavu ni kumdhalilisha. Waulizeni watu wa Goma. Chukudu ni mbao na vipande vya mpira, imeundwa na mikono yao, na mjini imesimamishiwa sanamu ya rangi ya dhahabu. Pale pale, mpakani na Gisenyi, wafanyabiashara walemavu wamevusha mizigo miaka mingi kwa baiskeli za mikono, na familia zikala. Kudhalilika ni kutambaa sokoni ukiwa na kiti kizima cha kigeni nyumbani.

Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 20 inazungumzia vifaa bora vya kutembelea, kwa bei ambayo mtu anaimudu. Wakati huohuo vyuma vya baiskeli vinapimwa kwa kilo Mbarara kwenda kuyeyushwa.

Ninachotaka kinatekelezeka. Mashirika yawape mafundi wa makazi oda, yalipe kazi na vipuri, na yatenge fungu la matengenezo kwa kila baiskeli. Wahandisi wasaidie breki na vipimo. Nasi wa Kiswahili tuna letu: haba, rimu, spoku, na hata kinga, jina la baiskeli kwetu Kongo, ni msamiati wa karakana ambao sijauona katika mwongozo wowote wa fundi. Tuuandike mwongozo huo kwa lugha anayofanyia kazi, wenye michoro, usomeke chini ya mti. Tasnifu za kupamba rafu tunazo tayari.