Vyaelea, Vimeundwa

Majirani wa mtaa wetu hapa Mombasa wanamcheka mpwa wangu. Ana Subaru Impreza kuukuu isiyo na turbo, ndugu wa ile aliyoshindia Colin McRae mbio za Safari mwaka 1997, na injini yake ameifungua uani kwa dada yangu ili aitie turbo. Wasema ni ujinga wa ujana. Mimi nasema sivyo. Ila nami nina langu la kumwambia.

Turbo si uganga. Ni feni mbili ndogo katika ekseli moja: ya kwanza huzungushwa na moshi wa ekzosi, hata kupita mara 100,000 kwa dakika; ya pili husindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli huzidi, na nguvu huzidi. Lakini injini isiyoundwa kwa turbo hubana hewa mara 10 hivi. Ukiisindilia tena, petroli hulipuka kabla ya wakati na pistoni hupasuka. Basi yataka pistoni za kubana mara 8 hivi, oili isiyokatika, na breki imara kuliko za kwanza.

Pistoni keshanunua, breki ameziweka mwisho. Hapo ndipo tugombanapo. Ujuzi ni neema, wala sitamvunja moyo. Lakini roho ni amana, yake na ya wapita njia. Wazee wamesema, vyaelea vimeundwa; na jahazi haishushwi majini kabla ya kutiwa kalafati. Breki kwanza, mwanangu, mwendo baadaye.