Tufani Ikija, Nani Atamwambia Bibi?

Sisi tunaoishi Oman hatuwezi tena kusema kwamba tufani ni habari za watu wengine. Juni 2007 Gonu iliizamisha Maskati. Mei 2018 Mekunu ikaipiga Salala. Tarehe 3 Oktoba 2021 Shaheen ikaingia Batina, pwani ambayo wengi hatukudhani ingefikiwa. Aprili 2024 haikuwa hata tufani, ilikuwa mvua tu. Wadi zikafurika na katika waliokufa wamo watoto wa skuli.

Kila baada ya msiba simu zetu hujaa orodha za vitu vya kuweka tayari: tochi, maji, betri, hati ndani ya mfuko wa plastiki. Orodha hizo ni nzuri na kila nyumba iwe nayo. Lakini katika nyumba zetu, nyumba za watu waliotoka Zanzibar na Bara, kinachochelewesha safari mara nyingi ni bibi aliyekaa kitandani anasema, "Mie siendi popote."

Mwenzetu mmoja yalimkuta hayo siku ya Shaheen, kwao Suweki. Taarifa ilipokuja, kila mtu alikuwa tayari kwa nusu saa, isipokuwa bibi. Wajomba wakambembeleza, wakapandisha sauti, wote kwa Kiarabu. Saa nzima ikapita. Mwisho mwenzetu akakaa chini karibu naye, akamuuliza kwa Kiswahili, "Bibi, unaogopa nini?" Bibi akamjibu, "Mwaka wa sitini na nne niliambiwa tunatoka kwa siku mbili tatu. Sijalala tena katika nyumba ile." Akaomba afunge mlango mwenyewe na ufunguo akae nao yeye. Wakampa. Usiku ule maji yalipanda juu ya kitanda chake.

Tangu tuliposikia kisa hiki, tunaamini kwamba matayarisho ya kuhama yaanze na mazungumzo, na mazungumzo yenyewe yawe kwa Kiswahili. Maonyo ya serikali hutoka kwa Kiarabu na Kiingereza. Wazee wetu wengi Kiarabu wanakijua cha salamu, cha sala na cha sokoni, lakini jambo zito hulifikiri kwa lugha waliyokulia. Anayeweza kusimama katikati ni sisi, wajukuu tuliosoma hapa. Tumwambie bibi mapema: tutakwenda nyumba ya nani, atalala chumba gani, nani atamshika mkono kwenye ngazi, ufunguo utakuwa kwa nani.

Wako watakaosema kwamba tunawatia wazee hofu bure. Hofu wanayo tayari, na wameishi nayo miaka sitini. Kinachowatisha zaidi ni kuvutwa usiku bila ya kuambiwa kitu. Atakayesema "serikali itakuja kutuchukua" naye tunamwambia hivi: waokoaji wanakuja, Mungu awalipe, lakini hawajui kwamba bibi yako hasikii bila ya kile kifaa chake cha masikioni.

Kwa hiyo mfuko wa bibi uwe wake peke yake. Ndani uwe na dawa za presha na kisukari za wiki nzima, karatasi yenye majina na vipimo vya dawa hizo, miwani, kifaa cha kusikia na betri zake, khanga na msala. Insulini iwekwe kwenye chupa ya kuhifadhi baridi, isigusane na barafu, kwani ikiganda imeharibika. Na kama kuna kitu anachokithamini, picha au kisanduku, kiandikwe katika orodha hata kama sisi hatuoni thamani yake.

Kuna mtu mwingine husahauliwa: dada wa kazi. Wengi wao ni Waswahili wenzetu, wametoka Tanga, Mombasa au Kampala. Katika nyumba nyingi pasipoti yake imefungiwa kwenye kabati la baba. Tunasema wazi kwamba hilo ni kosa hata siku ya jua, na siku ya mafuriko ni hatari. Pasipoti ni yake, akae nayo. Ahesabiwe kiti ndani ya gari kama anavyohesabiwa mtoto, na mpango aambiwe yeye pia, maana huenda siku hiyo yuko peke yake na bibi.

Jambo la mwisho ni wakati. Maji ya sentimita 60 yanayokwenda kwa kasi huichukua gari, hata kubwa. Basi tuondoke kabla wadi haijashuka. Ikishashuka, tusiivuke, tupande juu ya nyumba na tupige 9999.

Ijumaa hii, baada ya chakula cha mchana, wakati wote tumekusanyika kwa bibi, kabla watu hawajatawanyika, tumuulize: "Bibi, tukiambiwa tuondoke, wewe ungependa kuchukua nini?" Kisha tumsikilize mpaka amalize. Jibu lake liandikwe, libandikwe nyuma ya mlango, na mmoja wetu atajwe kwa jina kwamba ndiye wa kumshika mkono.