Mzee anayesahau asifungiwe ndani

HAPA Kasese na Bwera, mzee akianza kuuliza jambo moja mara kumi, au akipotea njia ya shambani kwake, majirani huwa na majibu mawili. Wengine husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa, au kwamba yeye mwenyewe ni mchawi. Majibu yote mawili ni makosa, na yanawaumiza wazee wetu.

Wengi wao wana dimenshia, hali inayoletwa na magonjwa ya ubongo na kupunguza kumbukumbu na fikra hatua kwa hatua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 waliishi nayo, zaidi ya asilimia 60 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hakuna dawa ya kuiponya.

Matokeo yake, familia nyingi hukata tamaa. Mfanyabiashara anayewahi soko la Mpondwe humfungia mama mlango kwa nje. Mwingine hununua vidonge ili mzee alale mchana kutwa. Tunaelewa, kwani asiyekwenda sokoni hali. Lakini moto ukizuka, aliyefungiwa hana pa kutokea. Na dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huwaongezea wazee hawa hatari ya kiharusi na kifo. Zisitolewe bila daktari.

Upo msaada usio wa dawa, na umejaribiwa kwa jirani zetu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, nchini Tanzania, wazee 34 wenye dimenshia walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki saba, wakazungumza, wakaimba na kucheza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha fikra zao zikiimarika na wasiwasi ukipungua.

Mengi ya hayo yanawezekana nyumbani. Mpe mzee kazi anayoiweza, kama kuchambua maharage. Chai, kuoga na kuota jua viwe na saa zake kila siku. Imbeni nyimbo za ujana wake. Muulize habari za reli ilipofika Kasese mwaka 1956, au za shaba ya Kilembe.

Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni tuna jambo la ziada. Lugha aliyojifunza mtu ukubwani mara nyingi ndiyo hutangulia kupotea. Mzee aliyezoea Kiswahili miaka mingi anaweza kurudi kwenye Lukonzo ya utotoni, na wajukuu waliozaliwa ng'ambo wasimwelewe. Wafundishwe walau salamu, na maneno ya maji, njaa na maumivu. Akisema "nataka kwenda nyumbani" naye yuko nyumbani, msibishane. Huenda anaiona nyumba tuliyoiacha tulipokimbia. Mwulize ilikuwaje, tembea naye kidogo, kisha mrudishe taratibu. Akishikwa na hofu ya vita, geuza mazungumzo.

Tusisahau kwamba tunaishi mpakani. Mzee anaweza kufuata umati wa soko akajikuta Kasindi, upande wa Kongo. Ashonewe ndani ya nguo kitambaa chenye jina lake, kijiji na simu ya jamaa.

Tunatoa wito kwa familia kumpeleka mzee hospitalini mapema, Bwera au Kagando, kwa sababu maambukizi, sonona na upungufu wa vitamini huweza kufanana na dimenshia, na hayo yanatibika. Wilaya iwafundishe wahudumu wa afya wa vijiji kuitambua hali hii. Viongozi wa soko, makanisa na misikiti wapange zamu za kukaa na wazee siku za soko, ili binti asilazimike kuchagua kati ya mama yake na meza yake ya biashara.

Wazee hawa ndio waliotubeba mgongoni tulipovuka mpaka. Hawastahili kumalizia siku zao nyuma ya kufuli.