Cheti Hakipambi Uso

Anayetafuta kazi ya kupamba nyuso mara nyingi haajiriwi kwa cheti pekee. Siku ya mahojiano huwekewa mtu asiyemjua, akaambiwa ampambe papo hapo, mbele ya wasaili.

Wengi hudhani kinachopimwa hapo ni wepesi wa mkono tu. La hasha! Mtahiniwa hodari hunawa mikono na kusafisha brashi kabla ya yote. Kisha huuliza: Ngozi yako ni kavu au ya mafuta? Kuna kipodozi kinachokuwasha? Waenda arusini au kazini? Rangi ya ngozi huijaribu tayani, penye mwanga wa mchana, wala si kiganjani. Rangi ya kope huichota kwa kijiti kipya kila mara, asije akaeneza maradhi ya macho. Na kila hatua huieleza.

Hapa ndipo sisi walimu tunapopaswa kujihoji. Katika KCSE, Kiswahili kina karatasi tatu: Insha, Lugha na Fasihi. Zote huandikwa. Mwanafunzi aweza kupata alama ya A bila kutamka sentensi moja mbele ya mtahini. Kisha twashangaa anapokuwa bubu mbele ya mwajiri, ilhali brashi anaijua vyema.

Kwa maoni yangu, kila darasa la lugha liwe na zoezi la vitendo: mwanafunzi aulize, asikilize, aeleze analolifanya. Tusingoje mwajiri awe wa kwanza kumsikia akisema.