Maumivu ya Tumbo Shuleni Si Hila za Wavivu

Kila msimu wa mitihani ukiwadia, vyumba vya wagonjwa katika shule zetu za bweni hufurika wanafunzi walioshika matumbo. Hakuna mwalimu asiyeijua hali hii, wala asiyeujua uamuzi unaotolewa aghalabu: kwamba mtoto anajitia ugonjwa ili aukwepe mtihani. Anayebahatika kupelekwa zahanati hurejea na vidonge vya amiba. Baada ya majuma matatu hupewa dawa za homa ya matumbo, kisha za vidonda. Nionavyo mimi, uamuzi ule ni dhuluma, na tiba hii ya kubahatisha, inayorudiwarudiwa bila kipimo cha kuaminika, ni hasara na hatari.

Utumbo wa binadamu si mfereji mtupu. Ni misuli inayojikunja na kulegea kwa zamu, ikikisukuma chakula mbele kwa amri ya chembe za neva zaidi ya milioni 100 zilizomo katika kuta zake. Mwendo huo ukienda kasi mno, mtu huhara. Ukizorota, hufunga choo. Na neva zikiwa nyepesi kupita kiasi, hata gesi ya kawaida huchoma kama kisu. Madaktari huyaita haya maradhi ya utendaji, kwa maana kiungo chenyewe hakina kidonda wala uvimbe, bali kazi yake ndiyo iliyokwenda kombo. Unaojulikana zaidi ni ule wa utumbo unaokereka upesi, ambao wao huufupisha IBS.

Wapo wanaoshikilia kwamba hofu haiwezi kuliumiza tumbo. Hao ningewakumbusha kazi ya Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard, ambaye mwaka 1898 alichapisha aliyoyaona kwa eksirei alipokuwa akilitazama tumbo la paka likisaga chakula. Paka alipoudhika, mwendo wa tumbo ulisimama; alipotulizwa, ukaanza tena. Sidhani kuna atakayedai kwamba paka yule alikuwa akikwepa hesabu.

Ugonjwa huu hautambuliwi kwa kukosa cha kuandika katika cheti. Una kanuni zake, ziitwazo Kanuni za Roma, na zilizotolewa mwaka 2016 zasema kwamba kwa mtoto au kijana, maumivu yawepo siku 4 au zaidi kila mwezi, kwa miezi 2 au zaidi, yakiandamana na kwenda haja au na mabadiliko ya choo, na yasiwe na sababu nyingine baada ya uchunguzi. Kwa hiyo mwanafunzi aandike daftarini siku alizoumwa, alichokula na hali ya choo chake; daktari atafaidika nalo kuliko na rundo la vyeti vya maabara. Lakini damu katika choo, kukonda bila sababu, homa, kutapika kusikokoma, au maumivu yanayomwamsha mtu usiku, si mambo ya kusubiri daftari. Vivyo hivyo maumivu makali ya ghafla upande wa chini kulia, ambayo huenda yakawa ya kidole tumbo. Huyo apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu tiba, jambo la kwanza ni kumweleza mgonjwa kwamba anaaminiwa na kwamba ugonjwa wake hauui. Dawa zipo: za kulegeza misuli ya utumbo, na za kulainisha choo kama laktulosi. Chakula nacho kina sehemu yake. Denis Burkitt, mpasuaji aliyetumikia Uganda miaka mingi, alichapisha na wenzake mwaka 1972 utafiti ulioonyesha kwamba Waafrika wa vijijini, waliokula vyakula vyenye nyuzinyuzi nyingi, walipitisha chakula tumboni upesi kuliko Waingereza waliozoea vilivyokobolewa. Leo ni mabwalo yetu yanayopika ugali wa unga mweupe! Hata hivyo, nyuzinyuzi si dawa ya kila mtu; maharagwe ya githeri humjaza gesi mwenye utumbo mwepesi, na chai ya maziwa humsumbua asiyeweza kumeng'enya sukari ya maziwa. Kuacha maziwa majuma mawili na kuangalia matokeo hakugharimu senti.

Lakini linaloniudhi zaidi ni vyoo. Nimefundisha katika shule ambapo vyoo vilifungwa kwa kufuli saa za masomo, na vilivyobaki wazi vilikuwa havina komeo. Kengele hulia alfajiri, foleni huwa ndefu, mtoto akaahirisha haja. Kinyesi kikikawia katika utumbo mpana hunyonywa maji kikawa kigumu, kesho yake kukitoa huwa ni maumivu, naye huahirisha tena. Utumbo mpana huamka baada ya mlo, hasa wa asubuhi, na hiyo ndiyo saa tunayowakimbiza gwarideni. Walimu wakuu wangeweza kutenga dakika 20 baada ya kiamshakinywa, wakatia komeo katika milango na kuruhusu mwanafunzi atoke darasani bila kuulizwa mbele ya wenzake anakwenda kufanya nini. Bodi za shule hazihitaji waraka kutoka Nairobi ili kununua komeo.