Sukari ya Magugu ya Ziwa

Mtu mwenye ugonjwa wa sukari akisikia kwamba majani ya majini yaweza kutoa sukari isiyomdhuru kama ile ya dukani, moyo wake huruka kwa furaha. Habari hiyo ni ya kweli, nasi twamshukuru Mungu kwa akili aliyowapa wataalamu. Lakini sipendi ihubiriwe nusu nusu kwa watu wa Tshangalele.

Sukari yenyewe huitwa zilitoli. Utamu wake ni karibu sawa na wa sukari ya kawaida, lakini haipandishi sana sukari katika damu, na vijidudu vinavyoozesha meno haviwezi kuila. Wataalamu wameitengeneza kwa gugu-maji, lile lenye maua ya zambarau lililoenea katika mto Kongo katika miaka ya 1950 na kuziba njia za mitumbwi na meli. Majani hukaushwa, husagwa, hupikwa katika maji yenye asidi kidogo mpaka sukari iliyofungwa katika nyuzi zake itoke. Kisha asidi huondolewa, na chachu ya namna ya Candida hutiwa ili iigeuze sukari ile kuwa zilitoli. Chachu ya mkate haifanyi kazi hiyo. Basi mwenye pipa la lutuku asijisumbue.

Sasa tulitazame ziwa letu. Lilitokea mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, ambako umeme ulianza kutoka mwaka 1930. Kwa miaka mingi maji machafu ya viwanda vya shaba na kobalti vya Likasi yametelemkia humo. Gugu-maji hunyonya madini kwa mizizi yake, hata katika nchi nyingine hutumiwa kusafisha maji machafu. Nao wataalamu wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven walitangaza mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga una kobalti nyingi kupita kiasi. Je, tuwaongezee nyingine katika chai? Asidi itoayo sukari katika majani huyatoa na madini pia. Kiwanda chenye mashine na wapimaji chaweza kuyaondoa. Sufuria ya nyumbani haiwezi.

Mimi naona atakaye kuanzisha kazi hii hapa aanze na magunzi ya mahindi yaliyolimwa mbali na maji hayo. Viwanda vya ng'ambo huyatumia magunzi, na sisi wengi twayachoma tu.

Nawe mgonjwa, usikae kuingoja. Punguza sukari ya chai kidogo kidogo kila juma mpaka ulimi uzoee, ukumbuke kwamba bukari nyingi nayo hugeuka sukari mwilini, wala usiache vidonge au sindano uliyopewa. Ukiletewa zilitoli ya kununua, anza na kidogo, kwa maana nyingi huharisha. Tena iweke mbali na mbwa. Kidogo tu chaweza kumwua.