Vitabu Viwili na Kundi la Matanga

Mwezi umekwisha, na kama kawaida naweka kando mambo ya programu ili niseme niliyoyasoma. Safari hii nimesoma vitabu viwili vya majonzi, kwa kuwa tumemzika rafiki yangu. Yeye na mimi tulijifunza kuandika programu kwenye tarakilishi moja, kwa zamu.

Kitabu cha kwanza ni A Grief Observed cha C. S. Lewis. Mkewe, Joy Davidman, alifariki kwa saratani mwaka wa 1960, na mwaka uliofuata Lewis akachapisha aliyoyaandika katika madaftari yake, tena kwa jina la bandia: N. W. Clerk. Huyu ni mtu aliyewafafanulia Waingereza imani ya Kikristo redioni wakati wa vita. Humu anamuuliza Mungu maswali makali bila kujificha. Wapo watakaosema imani yake iliyumba. Mimi nasema aliyekata tamaa kabisa hana haja ya kuuliza.

Cha pili ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert, ambamo anamlilia mkewe Amina. Lewis anabishana, Shaaban anaomba dua. Lakini wote wawili wanakubaliana kwa jambo moja: majonzi hayazikwi pamoja na maiti.

Sasa tuje kwenye fani yangu. Siku hizi mtu akifariki, kundi la WhatsApp hufunguliwa kabla hata habari haijafika kijijini. Mweka hazina huweka orodha, na michango huingia kwa M-Pesa. Sibezi hata kidogo. Kabla ya M-Pesa kuanza mwaka wa 2007, ndugu aliye mbali angehangaika kumpata msafiri wa kumpa bahasha. Leo mchango wake hufika kabla jeneza halijanunuliwa.

Shida ni siku ya pili baada ya maziko. Mweka hazina husoma hesabu, familia hushukuru, na watu huanza kutoka mmoja mmoja. Tangu mwaka wa 2022 WhatsApp haitangazi tena kwa kundi zima kwamba fulani ametoka. Kwa hivyo hata kuondoka kwetu sasa hakuna kishindo.

Wahandisi wamewafikiria marehemu. Tangu 2013 Google hukuruhusu kuchagua atakayepokea data zako ukinyamaza muda mrefu, na Facebook ilianza kuruhusu mrithi wa akaunti mwaka wa 2015. Ni kazi nzuri. Lakini data ya marehemu haiamki saa tisa usiku ikilia. Anayeamka ni mjane, ni mama.

Dini zetu zilijua hili zamani. Eda ya mjane katika Uislamu ni miezi minne na siku kumi. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na nionavyo mimi, hiyo ndiyo kazi yao bora katika kitabu kizima. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu.

Juzi mama wa rafiki yangu aliniuliza mwanawe alikuwa akifanya kazi gani hasa. Alilipa karo miaka yote na hakuwahi kuelewa. Nikamfungulia programu aliyoiandika mwanawe, ya kuweka hesabu za duka, nikamwonyesha jina lake chini ya ukurasa wa kwanza. Alilishika kwa kidole kwenye kioo. Hatukuzungumza sana. Chai ilipoa.

Rai yangu ni hii: mchango ni mwanzo wa urafiki kwa wafiwa, si risiti ya kuumaliza. Tena huhitaji programu mpya. Siku ya maziko, fungua kalenda ya simu yako uweke vikumbusho vitatu: siku ya arobaini, mwezi wa sita, na mwaka mmoja. Kikilia, usitume picha ya mshumaa. Nenda. Kama uko mbali, piga simu, umtaje marehemu kwa jina lake. Wengi huogopa kulitaja wakidhani watatonesha kidonda, kumbe mwenye kidonda anangoja alisikie.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.